Kuongeza nguvu kompyuta ya mezani ukiwa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kompyuta nyingi za mezani zinazofanya kazi mjini hapa ni mitumba ya maofisini kutoka nje: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ndizo utakazozikuta steshenari, studio za picha, shuleni na kwenye vyumba vya wanachuo kule Nyegezi. Majibu ya hapa chini yanazihusu hizo kwanza. Aliyeunga mashine yake mwenyewe kwa vipuri vipya atapata yake pia, ila kwa ufupi, maana yeye ana uwanja mpana wa kuchagua.

Vipuri vingi vinapanda kutoka Dar kwa basi. Kipuri kikifika halafu kikagoma kukubali, kukirudisha Kariakoo ni zaidi ya kilomita 1,100, na muuzaji akishapokea hela huwa hapendi habari za kubadilishiana. Ndiyo maana hapa utaulizwa tena na tena: mashine yako ni ipi hasa?

Nianze na nini kabla sijatoa hela?

Anza na jina kamili la mashine pamoja na umbo lake. "Nina Dell i5" haitoshi, hiyo inaweza kuwa ya 2011 au ya 2021. Soma jina lililoandikwa mbele ya kasha, kisha geuza ubavu au mgongo utafute stika. Dell huwa na Service Tag yenye herufi na tarakimu 7. Ukiiandika kwenye tovuti ya Dell unaletewa mashine ilivyotoka kiwandani, pamoja na prosesa (ubongo wake), RAM (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea) na diski yake. HP na Lenovo nao wana namba zao za namna hiyo.

Umbo watu hulidharau, na ndilo linalowaangusha. OptiPlex ya jina lilelile hutoka ikiwa mnara (MT), nyembamba ya kulala mezani (SFF) au ndogo kabisa ya kushika kwa mkono mmoja (Micro). Prosesa inaweza kuwa ileile, lakini pawa saplai, nafasi za kadi na hata aina ya RAM vikawa tofauti kabisa.

Stika ikiwa imebanduka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utaona jina la mashine na toleo la BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine). Programu ya bure ya CPU-Z inakwenda mbali zaidi: inakuonyesha RAM gani imekaa nafasi ipi. Na majina yenyewe yana mtego. Kuna OptiPlex 7010 ya 2012 yenye prosesa za kizazi cha 3 (kizazi ni toleo la prosesa za Intel, mfano i7-3770 ni ya cha 3), na mwaka 2023 Dell wakalitumia jina hilohilo kwa mashine ya kizazi cha 13. Ukipiga simu Dar ukaagiza "RAM ya 7010" bila kusema ipi, utaletewa yoyote.

Mashine inaganda, nikifungua Word na Chrome pamoja nasubiri mpaka nachoka. Niongeze RAM au niweke SSD?

Fungua Task Manager (Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja), nenda kwenye Performance, kisha fanya kazi zako kama kawaida. Disk ikikaa 100% huku Memory iko nusu, tatizo ni hadi diski (hard disk). Memory ikigusa 90% na kuendelea, RAM ndiyo haitoshi.

Kwa mashine ambayo bado inatumia hadi diski ya kuzunguka, jibu letu karibu mara zote ni SSD kwanza. Hadi diski ina kichwa kinachohama huku na huku kutafuta mafaili, na Windows ikiwaka inaomba maelfu ya mafaili madogo kwa mpigo. SSD haina kinachohama. SSD ya SATA (ile inayochomekwa kwa waya kama hadi diski) husoma mpaka karibu MB 550 kwa sekunde, lakini mwendo utakaouhisi unatokana zaidi na hayo mafaili madogo kuliko hiyo namba kubwa ya kwenye boksi. Uzuri mwingine ni kwamba SSD ya SATA ya inchi 2.5 inakubali kwenye karibu kila kompyuta ya mezani utakayoikuta sokoni. Ikikosa mahali pa kufungwa kwa nati, unaweza kuibana kwa gundi ya pande mbili, haitikisiki wala haina uzito. Hakikisha tu umepata waya wa SATA na tawi la umeme la kuchomeka. Kwenye baadhi ya SFF matawi hayo ni machache, na utalazimika kuchomoa DVD.

Kuhusu kiasi cha RAM: GB 4 kwa Windows 10 ni mateso. GB 8 inaendesha steshenari vizuri. Anayehariri video au picha nyingi aanze na 16. Na kabla ya kununua yote hayo, angalia kama aliyekupigia Windows hakukuwekea ya 32-bit, kwa sababu hiyo haivuki GB 4 hata ujaze nafasi zote.

Nitajuaje RAM ipi itakubali?

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotelea, kwa hiyo tusiharakishe.

Kwanza ni kizazi. DDR3 ina pini 240, DDR4 na DDR5 zote zina 288, lakini ule mkato wa katikati umehamishwa kila kizazi ili zisiingiliane. RAM ikikataa kuingia, usiilazimishe kwa dole gumba. Itoe usome stika. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5.

Pili ni volti, na hili wengi hawalijui. DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5, DDR3L inatumia 1.35. Mashine za kizazi cha 2 hadi cha 4 mara nyingi hupokea zote mbili. Ila kizazi cha 6 kilipokuja, baadhi ya mashine ziliendelea na DDR3L wakati nyingine zimehamia DDR4. OptiPlex 3040 inatumia DDR3L, ndugu yake 7040 wa kizazi hichohicho anatumia DDR4. Ukichukua DDR3 ya volti 1.5 ukaiweka kwenye 3040, inaingia vizuri kabisa kwenye nafasi yake, na unaihatarisha prosesa yenyewe, kwa sababu kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa. Tafuta PC3L kwenye stika. Hiyo L moja ndiyo yenye maana yote.

Tatu ni RAM za seva. Utauziwa GB 16 moja kwa bei ya kutupwa, kumbe ni ya seva. Kwenye stika yake karibu na namba ya kasi utaona herufi R, mfano 2133P-R au 12800R. Za kompyuta ya mezani huandikwa U. Ile ya R haiwaki kwenye OptiPlex wala EliteDesk, na hakuna mpangilio wowote wa BIOS utakaoibembeleza.

Nne ni urefu. Micro za Dell, Mini za HP na Tiny za Lenovo zinatumia RAM fupi za laptop.

Kuchanganya kampuni hakuna shida kubwa. Kuchanganya kasi pia kunawezekana: ukiweka ya 1600 na ya 1333, zote zitakwenda kwa mwendo wa 1333. Ila mbili za GB 4 zinazofanana ni bora kuliko moja ya GB 8, hasa kama picha zako zinatoka kwenye prosesa bila kadi ya grafiki. Kwenye Dell na HP nafasi hupakwa rangi au namba. Jaza zenye rangi moja kwanza.

Nimeweka RAM mpya, inapiga bip bip tu na kioo cheusi.

Chomoa umeme, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha mpaka vishikio vijifunge vyenyewe. Jaribu moja moja. Ikikataa peke yake kwenye kila nafasi, rudia swali lililotangulia.

NVMe nayo? Nasikia ina kasi kuliko SSD ya kawaida.

Ina kasi kweli, maana ni SSD inayopitia PCIe, njia ileile ya kadi za grafiki, badala ya SATA. NVMe ya PCIe 3.0 hufika karibu MB 3,500 kwa sekunde. Lakini mashine za kizazi cha 2 hadi cha 4 nyingi hazina nafasi ya M.2 (ile ndogo ya kulaza diski bapa), na hata ukitumia adapta ya kuchomeka kwenye PCIe, BIOS zao haziitambui NVMe wakati wa kuwaka. Utaiona ndani ya Windows kama ghala la mafaili, ila hutaiwasha Windows kutoka humo bila ujanjaujanja. Kwa 7010 ya zamani, 9020 na EliteDesk 800 G1, nunua SATA ulale usingizi.

Kuanzia kizazi cha 6 nafasi za M.2 zimeanza kuonekana. Angalia mambo mawili: urefu (2280 ndiyo ya kawaida, 22 ni upana na 80 ni urefu kwa milimita) na aina, kwa sababu kuna M.2 za SATA na M.2 za NVMe zenye umbo moja. Mkato mmoja mara nyingi ni NVMe, mikato miwili mara nyingi ni SATA. Mwongozo wa mashine ndio wenye neno la mwisho.

Nina i3. Naweza kuitoa niweke i7?

Ndiyo, ukibaki ndani ya familia yake. Soketi za Intel (mahali prosesa inapokaa kwenye mazabodi, bao kuu la mashine) zimekwenda hivi: kizazi cha 2 na cha 3 ni LGA 1155; cha 4 ni LGA 1150; cha 6 na cha 7 ni LGA 1151; cha 8 na cha 9 ni LGA 1151 pia, ila hapo usidanganyike, kwa sababu chipseti ni nyingine na nyaya za ndani zimepangwa upya. i7 ya kizazi cha 8 itakaa kwenye mazabodi ya kizazi cha 6 na haitawaka. Cha 10 na cha 11 ni LGA 1200, cha 12 hadi cha 14 ni LGA 1700.

Kwa 7010 ya 2012, kutoka i3-3220 kwenda i7-3770 ni hatua nzuri. Kwenye 9020, i7-4790 ndiyo ya kulenga. Usilipe zaidi kwa prosesa yenye K mwishoni, maana mazabodi za ofisini hazikuruhusu kuipandisha kasi. Sasisha BIOS kabla ya kubadilisha prosesa, na ufanye hivyo mashine ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, mazabodi inaweza kufa hapo hapo.

Wakati wa kubadilisha, prosesa ya Intel haina miguu. Pini ziko kwenye soketi, nyembamba kama nywele. Ishushe wima, usiiburuze. Futa pesti ya kupitisha joto ya zamani iliyokauka na weka mpya, tone la ukubwa wa punje ya mchele katikati. Tumekuta mashine zimebadilishwa prosesa, hitisinki (chuma cha kuipoza) ikarudishwa kavu, halafu mwenyewe anashangaa i7 inakwenda polepole kuliko i3 aliyoitoa. Joto likizidi, prosesa hujipunguza mwendo yenyewe.

Wa AMD: soketi ya AM4 imebeba Ryzen nyingi, kuanzia mfululizo wa 1000 hadi 5000, lakini mazabodi ya mwanzo lazima isasishwe BIOS ndipo ikubali za mwisho. AM5 ya 2022 inakubali DDR5 pekee, kwa hiyo RAM zako za zamani hazihami nayo.

Nataka kadi ya grafiki kwa ajili ya gemu na kuhariri video. Niweke ipi?

Usianze na kadi, anza na pawa saplai. OptiPlex 7010 SFF ina wati 240, 9020 SFF ina 255, na zote mbili hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Nafasi ya PCIe yenyewe inatoa hadi wati 75. Kadi yoyote yenye tundu la pini 6 au 8 mgongoni inataka zaidi ya hapo, na mashine hizo hazina cha kuipa.

Halafu ni kimo. Kwenye SFF kadi ndefu haifungi kasha. Unahitaji kadi fupi ya kimo (low profile), na iwe na bati fupi lake, kile chuma kinachoishika nyuma ya kasha. Ukikuta kadi fupi imefungwa bati refu, dai lile fupi kabla hujalipa, kulitafuta baadaye hapa Mwanza ni kazi. Pima pia unene. Kadi ya feni mbili hufunika nafasi mbili, na kwenye SFF nyingine nafasi kubwa ya PCIe imekaa jirani kabisa na pawa saplai.

Zinazokubali bila waya wa ziada: GT 1030 (wati 30), Quadro P400 na T400 (30), Quadro P620 (40), na GTX 1650 fupi (75), ingawa hiyo ya mwisho hatuishauri kwenye pawa saplai ya wati 240 iliyokwisha fanya kazi ofisini miaka kumi. GT 1030 zipo mbili zenye jina moja: ya GDDR5 na ya DDR4. Ya DDR4 ni goigoi kuliko mwenzake, na boksi ni karibu lilelile. Quadro zinatoka na matundu madogo ya DisplayPort, kwa hiyo hesabu na bei ya adapta. RX 6400 inavutia kwa bei, lakini haina sehemu ya kurekodi na kubana video, kwa hiyo mwenye studio aiache.

Tena kuna feki. Kadi kongwe sana hubadilishwa programu ya ndani na kuandikwa GTX 1050 Ti ya GB 4. Windows itaamini. Endesha GPU-Z mbele ya muuzaji. Zile inazozitambua inaziandika FAKE waziwazi. Muuzaji akikataa usiijaribu, umeshapata jibu.

Basi nibadilishe pawa saplai niweke kubwa.

Kwenye mnara wa 7010 ya zamani inawezekana, maana inatumia kichwa cha kawaida cha pini 24. Kwenye 9020 Dell walihamia kichwa chao cha pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 ina cha pini 6, kwa hiyo utahitaji adapta ya kugeuza, na kwenye SFF pawa saplai ya kawaida haiingii kabisa kwa ukubwa wake.

Kuna adapta za kugeuza waya wa SATA kuwa pini 6 za kadi ya grafiki. Tuziseme wazi: hatuzifungi. Kichwa cha SATA kimeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, kadi inaomba hadi 75, na plastiki ndiyo inayolipa tofauti hiyo kwa kuyeyuka.

Na pawa saplai mpya nyepesi iliyoandikwa wati 500 kwa bei ya chai na chapati, tunaiamini kidogo kuliko ile ya Dell ya wati 290 iliyochoka.

Mashine yangu ilitoka Marekani. Kuna shida ya umeme?

Angalia nyuma ya pawa saplai. Ikiandikwa 100-240V, badilisha waya tu uweke wenye plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba. Ikiwa na swichi ndogo nyekundu ya 115/230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa 115 utasikia mlio mmoja tu.

Windows 11 itakubali?

Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo swali hili linaulizwa sana. Kwa masharti yao unahitaji Intel kizazi cha 8 na kuendelea au Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea, isipokuwa chache, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Mafundi wanaipiga hata kwenye kizazi cha 3 kwa kuruka ukaguzi, na inawaka. Microsoft hawajaahidi kuendelea kuipa masasisho. Kwa mashine ya shule au ya kuandikia tu, Linux Mint inaendesha vizuri mashine ya GB 4 yenye SSD.

Monita yangu ni ya VGA, mashine mpya ina DisplayPort tu.

Adapta ya DisplayPort kwenda VGA inafanya kazi, ila lazima iwe ile yenye chipu ndani. Waya mtupu hautoi picha.

Vile vidudu vya ziwani vinaharibu mashine?

Vikitoka ziwani kama wingu la moshi usiku, vinafuata taa na kioo, na feni inavivuta ndani. Nyumba za Kirumba, Igombe na Bwiru zinazotazama maji zinavijua. Vikikauka kwenye mapezi ya hitisinki, vikichanganyika na vumbi la kiangazi, vinakuwa kama blanketi. Kabla ya kununua prosesa au kadi yenye joto zaidi, fungua kasha upulize. Shikilia feni kwa kidole usiiache izunguke hovyo wakati wa kupuliza.

Ni wakati gani niache kuongeza vipuri, niuze ninunue nyingine?

Jumlisha bei ya vyote unavyotaka. Vikikaribia bei ya mtumba wa kizazi cha 8, nunua huo. Mwenye mashine ya kizazi cha 2 au cha 3 tunamshauri SSD na RAM, basi. SSD atahama nayo. Kumwongezea kadi, pawa saplai na prosesa juu ya mazabodi hiyo ni kujenga ghorofa kwenye kiwanja cha kupanga.

Niko Nansio (au Geita, au Sengerema). Nitaagizaje bila kuja na mashine?

Wa Geita na Sengerema siku hizi wanavuka daraja la Kigongo–Busisi, kivuko hakiwasumbui tena. Wa Nansio, kule Ukerewe, bado anategemea meli, kwa hiyo ni bora kuagiza sahihi mara moja. Tuma picha tano kwa WhatsApp: stika yenye Service Tag au namba ya mashine, stika ya pawa saplai yenye wati, RAM zilizomo (stika zikisomeka), ndani ya kasha lote likiwa wazi (piga kutokea juu), na ukurasa wa msinfo32. Piga mchana karibu na dirisha, usitumie flashi, maana inang'arisha stika na namba hazisomeki. Kama mashine haiwaki, acha hiyo ya tano, andika inafanya nini ukibonyeza kitufe: taa inawaka rangi gani, inapiga bip ngapi, feni inazunguka au haizunguki.